Mvua, radi na barua: Kiingereza cha hali ya hewa kutoka kilima cha Old Kampala

Safari hii zamu ni yetu sisi wa Old Kampala, na tumechagua historia ambayo mtu anaweza kuicheka kwanza: namna watu wa vilima hivi walivyojifunza kuandika Kiingereza, hasa Kiingereza cha mvua, jua na radi. Msicheke haraka. Mbele huko tutafika kwa watu waliokufa.

Tuanze na kijana mmoja ambaye ukimtaja katika darasa letu watu wanakaa kimya kusikiliza. Aliitwa Dallington Maftaa. Alikuwa mtoto wa utumwa aliyekombolewa, akasomeshwa katika shule ya wamisionari wa UMCA kule Zanzibar, na Kiingereza akakipata hapo. Mwaka 1875 alifika Buganda katika msafara wa Henry Morton Stanley. Stanley alikuwa anazungumza na Kabaka Mutesa wa Kwanza mambo ya dini, na kijana huyu akasaidia kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho kilichokuwa tayari kinaeleweka katika jumba la Kabaka. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wamekileta tangu miaka ya 1840. Stanley alipoondoka, Maftaa alibaki. Akawa msomaji wa Kabaka na mwandishi wake wa barua za Kiingereza.

Jumba la Mutesa wakati huo lilikuwa Rubaga. Ukisimama karibu na msikiti mkuu hapa Old Kampala, ukatazama kusini-magharibi, kilima unachokiona na kanisa lake kubwa juu ndicho hicho. Kutoka huko, mwaka 1876, Maftaa alimwandikia Gordon, yule Mwingereza aliyekuwa anatawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, na ambaye askari wake walikuwa wanasogea kusini kuelekea Buganda. Hebu fikiria kazi hiyo. Dola mbili zinatazamana kwa wasiwasi, na katikati kuna kijana mwenye kalamu, asiye na ukoo hapa, anaandika kwa lugha ya tatu au ya nne maishani mwake. Barua zake zilihifadhiwa na wanahistoria wakazichapisha baadaye. Makosa ya tahajia yamejaa, hata jina la Gordon lenyewe alilikosea. Lakini ukizisoma unaelewa anachotaka Kabaka, na unaelewa kwamba anayeandika anajua uzito wa anachoandika.

Sisi tunampenda kwa sababu hiyo. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuandika Kiingereza katika nchi hii alikuwa kijana aliyeng'olewa kwao, msemaji wa Kiswahili, na hakungoja sarufi yake ikamilike ndipo aanze. Wanafunzi wetu wengi wakipewa karatasi wanasema, "Mwalimu, nitaandika nikishajua." Tunawaambia habari za Maftaa.

Kilima chetu chenyewe kiliingia katika maandishi ya Kiingereza miaka kumi na tano baadaye. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza, ile Imperial British East Africa Company, alifika tarehe 18 Desemba 1890 akapiga kambi hapa juu, na siku nane tu baadaye, tarehe 26, Kabaka Mwanga akatia saini mkataba. Mkalimani mkuu wa Lugard alikuwa Msomali, Dualla Idris. Wenzetu wa Kisenyi, hapo chini tu ya kilima, wanafurahi sana wakisikia hilo! Ngome ya Lugard ndiyo iliyolipa jina mji mzima: kilima cha mpala, yaani swala pala, kikawa Kampala, na mji ulipokua na kuhamia vilima vingine huku kukabaki kuitwa Kampala ya zamani. Leo mahali hapo pana msikiti ulioanzishwa wakati wa Idi Amin na kukamilika mwaka 2006, na mnara wenye ngazi zaidi ya 300. Panda siku moja asubuhi. Utaona mvua ikitoka ziwani kabla haijakufikia.

Kuhusu lugha, tupite haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kifundishwe zaidi Uganda, Kabaka Daudi Chwa akapinga, wamisionari wengi wakapinga, na Kiingereza kikapanda juu. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo kwa watu wengi wa Kampala lilikifanya kinuke bunduki zaidi. Mwaka 2005 katiba ilikiweka kuwa lugha rasmi ya pili. Kwenye karatasi, sawa. Lakini mwenye kutoka Bukavu, Uvira au Bujumbura akifika hapa anajua ndani ya wiki moja: sokoni ni Luganda, ofisini ni Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha nyumbani na cha kanisani. Ndiyo maana madarasa ya Kiingereza ya wakimbizi yalizaliwa. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanza mwaka 1999 na yenye makao hapa hapa Old Kampala, imekuwa na masomo ya Kiingereza kwa watu wazima. YARID ilianzishwa mwaka 2007 na wakimbizi wa Kikongo wenyewe, ikaanza na mpira wa miguu kule Nsambya, na vijana walipokusanyika ikaonekana shida yao kubwa ni lugha.

Sasa kwa nini hali ya hewa? Vitabu vya mwanzo karibu vyote vina somo hilo. Picha ya jua, picha ya wingu, picha ya mtu na mwavuli, "sunny, cloudy, rainy", basi, twende somo la matunda. Mwalimu anaona ni rahisi. Sisi tumegundua kwamba si rahisi hata kidogo.

Kwanza, kile kidudu "it". "It is raining." Nani ananyesha? Kwa Kiswahili mvua inanyesha, mvua ndiyo mtenda kazi, kila mtu anaiona. Kwa Kiingereza kuna "it" ambayo haimaanishi kitu, imekaa pale kwa sababu sentensi haikubali kuanza bila mtu mbele. Mwanafunzi wa Kiswahili anaandika "rain is raining", na ukimkosoa anauliza kwa haki kabisa, kwani kosa liko wapi? Wale waliosoma Kifaransa wana yao: "it makes hot", kwa sababu Kifaransa kinasema hivyo, na "I have cold" badala ya "I am cold". Na sisi wote tunasikia baridi, kwa hiyo tunaandika "I hear cold". Muzungu akisoma anadhani baridi imepiga kelele.

Halafu "it wants to rain". Hii imetoka kwetu moja kwa moja, mvua inataka kunyesha, na Waganda nao wanasema hivyo hivyo kwa lugha yao, kwa hiyo Kampala nzima utaisikia. Katika mazungumzo hatuikosoi, watu wanaelewana. Katika barua ya kuomba kazi tunasema weka "it is about to rain" au "it looks like rain". Bado tunabishana sisi kwa sisi kama "it wants to rain" ni kosa au ni Kiingereza cha Uganda. Wawili kati yetu wanasema ni nzuri kuliko ile ya Waingereza.

Tahajia tuitaje kidogo: "weather" na "whether", "lightning" bila "e" katikati, maana ukiiweka umeandika habari ya kupunguza mzigo au kuangaza rangi. "Drought" ni ukame, "draught" ni upepo unaopita chini ya mlango. Hapo wanafunzi wanakata tamaa na Kiingereza chote, na hatuwalaumu.

Lakini jambo zito ni majira. Hapa Kampala mvua ni mara mbili: Machi hadi Mei, halafu tena kuanzia Septemba hivi mpaka Novemba au Desemba. Waganda wana majina, "ttoggo" kwa ile ya kwanza, "ddumbi" kwa ile ya pili, na miezi yao yenyewe inasema kazi. Machi ni Mugulansigo, mwezi wa kununua mbegu, na Novemba ni Musenene, mwezi wa senene. Pwani wana masika na vuli. Kivu wana mvua yao na kiangazi chao kifupi cha katikati ya mwaka, wakati mwenzetu wa Lubumbashi anajua mvua moja ndefu, kama Novemba mpaka Aprili, na kiangazi kirefu anachokiita kipwa. Wote hawa wakiandika Kiingereza wanaandika "rainy season". Neno moja. Nyuma yake kuna kalenda nne.

Mnaofanya kazi na watu waliokimbia mnajua tunaelekea wapi. Mama wa kijijini hakumbuki tarehe kijiji kilipochomwa. Anakumbuka mahindi yalikuwa kiunoni, barabara ilikuwa tope, mto ulikuwa umejaa hawakuweza kuvuka. Hizo ni tarehe, na ni tarehe nzuri! Lakini akisema "ilikuwa wakati wa mvua", mkalimani akaandika "during the rainy season", na mtu mwingine baadaye akageuza hiyo kuwa "April" kwa sababu yeye anaijua mvua ya Aprili, kumbe ilikuwa ya Oktoba, basi karatasi mbili zinapingana. Karatasi zikipingana, anayesoma anaanza kujiuliza kama huyu mama anasema kweli. Mama hajadanganya popote.

Kwa hiyo katika darasa letu hatukubali "rainy season" peke yake. Mvua ipi? "The first rains or the second rains?" Mwanzo wake au mwisho? Shambani kulikuwa na nini: watu wanapanda, wanapalilia, wanavuna? Krismasi ilikuwa imepita? Shule zilikuwa zimefunguliwa? Ukiandika "at the end of the second rains, when we were harvesting beans, some weeks before Christmas", umeandika Kiingereza kizuri na umeandika ushahidi. Tunawaomba na nyie wahudumu na wakalimani mlioko maofisini mtusaidie hapo: ulizeni swali la pili. Linachukua dakika moja.

Kilima hiki kimeshatoa wakimbizi pia, si kupokea tu. Nyumba nyingi za zamani za Old Kampala zilijengwa na Wahindi, na mtaa ulikuwa wao kwa kiasi kikubwa. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90. Karibu 28,000 walikwenda Uingereza, wengine maelfu Kanada. Wengi wao Kiingereza walikijua, walikuwa wamesoma shule nzuri. Neno "snow" walilisoma darasani, wakaliandika kwenye insha, wakapata alama. Kisha wakatua Stansted wakati wa majira ya baridi kuanza, na nguo za Kampala, na akina mama wa kujitolea wa WRVS wakawa wanawagawia makoti. Walipelekwa makambini, kambi ya kwanza ikiwa Stradishall, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi katika Suffolk. Ndege ya kwanza ya Kanada ilifika Montreal tarehe 28 Septemba 1972, na huko pia kazi ya mapema ilikuwa kuwavika watu nguo za baridi. Hapo ndipo mtu alijua kwamba "cold" aliyosoma na "cold" ya Januari si neno moja.

Mnaosubiri safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu, hii inawahusu. Katika mafunzo ya kabla ya safari mtasikia "layers", yaani nguo juu ya nguo, mtasikia "black ice", barafu isiyoonekana barabarani, mtasikia "wind chill", ule ubaridi wa upepo unaofanya nyuzi chache chini ya sifuri ziumize kama nyingi. Jifunzeni maneno hayo kama mtu anavyojifunza njia ya kwenda hospitali.

Ila kuna ugonjwa wa upande wa pili. Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, alieleza katika hotuba yake ya mwaka 2009 kwamba alipoanza kuandika akiwa mtoto aliandika hadithi za watu weupe wanaocheza kwenye theluji na kuzungumzia hali ya hewa, jua limetoka, vizuri sana, wakati yeye hajawahi kutoka Nigeria na kwao hakuna haja ya kuzungumzia jua. Vitabu alivyosoma ndivyo vilivyomfundisha. Tunaona kitu kile kile katika insha za hapa. Mtu amelowa mvua ya Kampala mpaka mfupa, daftari limeharibika, boda imekataa kupanda kilima, lakini insha yake inasema "It was a beautiful sunny day and birds were singing". Tunamwambia, achana na ndege. Tuambie ulivyovuka Nakivubo.

Na maneno ya mvua ya kwetu yanatafsirika ukiyatafuta. Manyunyu ni "drizzle". Rasharasha ni "light showers". Ile ya ghafla inayopiga mabati mpaka mwalimu ananyamaza ni "downpour". Mvua ya mawe ni "hail". Ukungu wa asubuhi kwenye mabonde ni "mist", ukiwa mzito usione gari ni "fog".

Tumesema tutafika kwa waliokufa. Kiswahili chetu kina ngurumo, ile sauti, na umeme, ule mwanga, na radi, ile inayopiga. Katika kusema tunavichanganya, na "radi" mara nyingi inabeba vyote. Zaidi ya hapo, hapa Uganda kuanzia 2005 mpaka Machi 2025 Umeme ilikuwa jina la kampuni ya stima, kwa hiyo ukimwambia mtoto wa Kampala "umeme umepiga" anafikiria waya wa nguzo. Kiingereza kinatenganisha: "thunder" unaisikia, "lightning" unaiona, na inayoua ni "lightning". Mwanafunzi akiandika "thunder killed the cow" ameeleweka, lakini akisikia tangazo la "lightning" asijue ndiyo hiyo hiyo, hapo kuna hatari.

Kwa sababu nchi hii ina radi kuliko karibu nchi yoyote. Ziwa linapasha hewa, mawingu yanapanda, na mchana au usiku yanapasuka. Vitabu vya rekodi vimeitaja Tororo, mashariki mwa Uganda, kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kwa hesabu ya 1967 mpaka 1976. Waganda wa zamani walikuwa na Kiwanuka, mwenye radi, na Musoke, mwenye upinde wa mvua, na majina hayo bado utayakuta kwenye kitambulisho cha jirani yako. Tarehe 28 Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Tarehe 2 Novemba 2024 ilipiga katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, jioni, watu wakiwa wamekusanyika kwa maombi. Wakafa 14, wakajeruhiwa 34. Wenzetu wale walikuwa wamefanya kile ambacho sisi wote tungefanya: mvua ikianza, ingia ndani pamoja na wengine.

Mabati peke yake siyo kinga. Kinachokinga ni jengo imara lenye waya wa kupeleka radi ardhini, au gari lililofungwa. Mti haukingi, kibanda hakikingi, uwanja wa mpira ndiyo mbaya zaidi. Ukiona mwanga anza kuhesabu. Ukisikia ngurumo kabla ya 30, radi iko karibu, ingia ndani, na usitoke mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Hii tunaifundisha kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na mtoto akitaka hata kwa Kinyarwanda.

Utabiri nao unasomwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda, UNMA, inatoa utabiri wa kila msimu, na lugha yake ina mitego. "Above normal rainfall" siyo mvua ya ajabu. Maana yake ni zaidi ya asilimia 125 ya wastani wa miaka mingi. "Near normal" ni kati ya 75 na 125, chini ya hapo ni "below normal". "Isolated showers" ni mvua hapa na pale, mahali pachache, si mvua iliyojitenga kwa huzuni kama mmoja wetu alivyotafsiri kwa mzaha. "Flash floods" ni mafuriko ya ghafla, na anayeishi Bwaise au Katwe asilipite neno hilo.

Tangu mwaka jana darasa letu lina daftari moja la hali ya hewa. Kila siku mtu mmoja anaandika sentensi tatu: anga ilikuwaje, ilimfanyia nini, na anadhani kesho itakuwaje. Sentensi ya pili ndiyo tunayoisoma kwa sauti Jumamosi. Hatukosoi wakati mtu anasoma. Tunakosoa baadaye, kwa penseli, na kosa moja tu kwa mara moja. Kurasa za mwanzo zimejaa "sunny". Katikati mtu aliandika kwamba mvua ilichukua mkaa wa mama yake na jioni hawakupika, na tangu siku hiyo "sunny" zimepungua.

Wiki ijayo hakuna aliyejiandikisha Jumatano na Alhamisi. Daftari liko kabatini, kalamu iko ndani yake.